Si Kila Lisemwalo Lipo

Wahenga walinena kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani laja. Methali hii imewafaa wengi katika mambo ya nyumba na majirani. Lakini ipo kazi moja ambayo mwenye kuifanya hana budi kuiweka methali hii kando tangu siku ya kwanza, nayo ni kazi ya kuandika kamusi elezo. Mwandishi wa kamusi elezo hapaswi kusadiki kwamba jambo lipo kwa sababu tu linasemwa. Wajibu wake ni kuuliza: Limesemwa na nani? Amelijuaje? Na je, anapata faida gani tukimwamini?

Nasema haya kwa kuwa kazi hiyo, ambayo zamani ilikuwa ya wataalamu wachache walioajiriwa na wachapishaji wa ng'ambo, sasa imo mikononi mwa vijana wetu. Wikipedia ilianzishwa Januari 2001, na toleo lake la Kiswahili, ambalo hujiita kamusi elezo huru, likaanza mwaka 2003. Mwezi Agosti 2025 mkutano wa kimataifa wa wahariri wake, uitwao Wikimania, ulifanyika papa hapa Nairobi. Nasi tunaoishi Kinoo, kando ya barabara kuu iendayo Nakuru, mwendo mfupi kutoka Uthiru na Kangemi, hatuhitaji kwenda mbali kuwaona wahariri hao. Ni wanafunzi wa shule za upili na wa vyuo, simu mkononi, ambao wamegundua kwamba wanaweza kusahihisha makala inayosomwa duniani kote. Aghalabu huanza na kile wakipendacho, na wakipendacho ni muziki. Basi huandika juu ya albamu.

Huenda mwalimu mmoja akaguna hapa na kuuliza kuna haja gani ya kumwaga wino kwa ajili ya albamu, ilhali yapo mambo mazito ya mitaala na karo. Jibu langu ni kwamba makala ya albamu ni darasa zuri la ushahidi kuliko mengi tuliyo nayo. Mambo yake ni machache na yanahesabika: jina, mwaka, studio, kampuni iliyoitoa, watunzi, wapiga ala, orodha ya nyimbo, na jinsi ilivyopokelewa. Kila moja laweza kuwa kweli au uongo. Tena nyuma ya kila moja yupo mtu mwenye haki yake. Mwaka ukikosewa, mwigaji huonekana mwanzilishi na mwanzilishi huonekana mwigaji. Jina la mtunzi likikosewa, heshima hufuata jina lililoandikwa, na pengine mirabaha nayo ikafuata njia iyo hiyo.

Malaika ni wa nani?

Hebu tutazame mfano ambao kila msomaji wa Afrika Mashariki anaufahamu. Mwaka 1965 Harry Belafonte wa Marekani na Miriam Makeba wa Afrika Kusini walitoa albamu iitwayo An Evening with Belafonte/Makeba, ambayo ilitunukiwa Grammy mwaka uliofuata. Miongoni mwa nyimbo zake umo Malaika. Kundi la Boney M. liliuimba mwaka 1981, naye Angélique Kidjo wa Benin akautia katika albamu yake Logozo ya mwaka 1991. Wimbo umezunguka dunia nzima. Lakini aliyeutunga ni nani?

Wakenya wengi humtaja Fadhili William, aliyeurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ambaye alifariki Februari 2001. Wapo wengine wanaoshikilia kwamba mtunzi ni Adam Salim, Mtanzania, na kwamba aliutunga miaka ya 1940. Yapo na majina mengine yanayotajwa. Mhariri anayeandika kwa wepesi kwamba Malaika ni utungo wa fulani, akaweka nukta na kwenda zake, amekwisha kutoa hukumu katika kesi ambayo hakuisikiliza.

Mhariri mwangalifu hufanya nini? Haandiki kwamba hajui, wala hachagui jina limpendezalo kwa sababu ya utaifa. Huandika kile ambacho kila chanzo chaweza kukibeba: kwamba Fadhili William aliurekodi, hilo halina shaka kwa kuwa sauti yake imo katika santuri, kwamba ametajwa na wengi kuwa mtunzi, na kwamba dai hilo limepingwa na wanaomtaja Adam Salim. Kila sentensi na shahidi wake. Naona hapa ndipo penye kiini cha jambo lote, nami nitalirudia mpaka mwisho wa makala haya: hakuna chanzo kinachoaminika kwa kila kitu, wala karibu hakuna kisichofaa kwa lolote. Kila chanzo kina mzigo wake kinaoweza kuubeba. Kazi ya mhariri ni kupima mzigo na kumpima mchukuzi.

Vyanzo kumi na kimoja

Majuzi kikundi cha wanafunzi hapa Kinoo waliniletea rasimu ya makala. Walikuwa wameandika juu ya Giants of East Africa, albamu ya Orchestra Super Mazembe iliyotolewa na kampuni ya Earthworks mwaka 2001. Walichochewa na wimbo Kasongo, ulio katika albamu hiyo, ambao ulirudi midomoni mwa vijana wa Kenya mwishoni mwa mwaka 2024. Chini ya rasimu palikuwa na vyanzo kumi na kimoja, nao walijivunia wingi huo. Niliwaomba tuketi, tuvisome kimoja kimoja kama mtu achambuavyo mchele.

Sita kati ya vyanzo hivyo vilikuwa vimechapishwa mtandaoni katika majuma yale yale ambayo wimbo ulikuwa ukivuma, na vyote sita vilikuwa na sentensi moja isiyobadilika hata mkato. Ni dhahiri kwamba mmoja aliandika, watano wakanakili. Nikawauliza wanafunzi: Iwapo mtu mmoja akikuambia jambo, kisha watano waliomsikia wakaja kukuambia lilo hilo, una mashahidi sita? Wakajibu kwa sauti moja kwamba shahidi ni mmoja. Basi sita vikawa kimoja, na hicho kimoja hakikuwa na jina la mwandishi.

Viwili vilikuwa maduka ya kuuza muziki mtandaoni. Duka hutaja nyimbo na urefu wake, na kwa hilo laweza kusaidia. Lakini tarehe iliyoandikwa dukani mara nyingi ni tarehe ambayo bidhaa ilipakiwa, si tarehe ambayo wimbo ulirekodiwa. Duka moja lilionyesha mwaka ambao, kama ungekuwa kweli, ungemaanisha kwamba bendi iliyohamia Nairobi kutoka Zaire mwaka 1974 iliimba Kasongo katika zama za simu za mkononi. Chanzo kingine kilikuwa orodha ambayo mtu yeyote anaweza kuongeza alitakalo, mfano wa Discogs iliyoanza mwaka 2000. Orodha za namna hiyo zina hazina kubwa ya picha za majalada, nami huzitembelea kwa furaha; lakini maneno yaliyoandikwa humo na mtu asiyejulikana hayana uzito kuliko ya mpita njia. Tazama picha ya jalada, kisha lichukue jalada lenyewe kuwa chanzo.

Vilibaki viwili: maelezo yaliyochapwa pamoja na albamu yenyewe, na makala moja ya gazeti iliyotiwa sahihi na mwandishi wake. Kumi na kimoja vikawa viwili, na cha tatu cha kutiliwa shaka. Wanafunzi walisononeka kidogo. Lakini vile viwili viliwafunza zaidi kuliko vile tisa. Viliwakumbusha kwamba albamu ya 2001 ni mkusanyo wa nyimbo zilizorekodiwa miaka mingi kabla, hivyo 2001 si mwaka wa Kasongo wala wa Shauri Yako. Tena rasimu yao ilikuwa imesema kwamba Shauri Yako ulitungwa na Super Mazembe, jambo linalorudiwa kila mahali kwa kuwa wao ndio walioufanya upendwe mno. Mtunzi wake ni Nguashi Ntimbo, Mkongomani. Jina lake lilikuwa linakaribia kuzikwa kwa mara nyingine, safari hii na vijana wenye nia njema.

Uongo ukizunguka hugeuka ushahidi

Ipo hatari kubwa kuliko kunakiliana, nayo ni duara. Mwezi Machi 2009 alifariki Maurice Jarre, Mfaransa aliyetunga muziki wa filamu Lawrence of Arabia na Doctor Zhivago. Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu mjini Dublin alitaka kujua kama waandishi wa habari hunakili pasi na kuhakikisha. Akabuni maneno mazuri kuhusu maisha na muziki, akayatia katika makala ya Wikipedia kana kwamba marehemu aliyasema. Wahariri wa Wikipedia waliyaondoa kwa kuwa hayakuwa na chanzo. Lakini magazeti kadhaa, likiwemo The Guardian la London, yalikuwa yamekwisha kuyachapa katika taazia zao. Uongo haukugunduliwa mpaka mwanafunzi mwenyewe alipowaandikia wahariri wa magazeti kuwaeleza alilofanya.

Sasa fikiri, ndugu msomaji, kama mwanafunzi yule angenyamaza. Mhariri mwingine angekuja baada ya mwezi, akayaona maneno yale katika gazeti mashuhuri, akayarudisha katika kamusi elezo na kulitaja gazeti kuwa chanzo. Uongo ungekuwa umekamilisha duara na kuvaa kanzu ya ukweli. Kama jambo hili laweza kumpata mtunzi maarufu wa Ulaya, aliyeandikwa katika vitabu chungu nzima, sembuse bendi ya Nairobi ambayo habari zake zimo katika kurasa tatu tu za mtandao?

Kwa hiyo tarehe ya chanzo ni muhimu kama jina lake. Ukikuta gazeti la mwaka 2024 likisema jambo la mwaka 1977, uliza mwandishi alilipata wapi. Ikiwa alizungumza na mpiga gitaa aliyekuwamo studioni, hapo ana la kusema. Ikiwa hakutaja mtu wala waraka, basi yamkini alifungua kamusi elezo ile ile unayotaka kuihariri. Lakini gazeti la mwaka 1977 likitangaza kwamba santuri fulani imeingia madukani juma hili, hilo ni shahidi aliyekuwapo.

Mchukuzi na mzigo wake

Naomba sasa niwape walimu kanuni chache wanazoweza kuziandika ubaoni. Jalada na karatasi ya katikati ya santuri vyaaminika kwa majina ya nyimbo, kampuni na nambari ya santuri. Haviaminiki kwa sifa, kwani muuzaji hakosi kuisifu bidhaa yake. Mwanamuziki mwenyewe aaminika anapoeleza alikusudia nini au alianza lini kupiga gitaa. Haaminiki anaposema kwamba albamu yake iliuzwa kuliko zote nchini, wala anapokuwa upande mmoja wa mgogoro wa utunzi. Mhakiki aaminika kwa maoni yake, maadamu maoni hayo yametajwa kuwa yake. Meneja na mashabiki wasiachiwe kuandika makala ya albamu wanayoiuza au wanayoiabudu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mgema akijisifu mwenyewe hali huwa mbaya zaidi.

Hata chanzo kimoja chaweza kugawanyika. AllMusic, iliyoanza mwaka 1991, ina mapitio yaliyoandikwa na wahakiki wenye majina, na wahariri wa Wikipedia huyakubali. Lakini vile visanduku vya pembeni vinavyotaja aina ya muziki, wahariri hao hao huonya visitumike, kwa kuwa havikuandikwa na mhakiki aliyeisikiliza albamu. Ukurasa ni mmoja, uzito ni aina mbili. Mwanafunzi aliyeelewa jambo hilo ameelewa elimu ya ushahidi kuliko aliyekariri orodha ya vyanzo vizuri na vibaya.

Lipo na suala la albamu zetu zilivyoundwa. Kwa miaka mingi Nairobi ilikuwa mji wa santuri ndogo. Bendi ilirekodi wimbo mmoja mrefu, ukagawanywa sehemu mbili, ya kwanza upande huu na ya pili upande ule. Baadaye kampuni ilikusanya nyimbo hizo katika santuri kubwa, kisha nyingine ikazitia katika kaseti, kisha nyingine ya ng'ambo ikazitoa katika diski. Samba Mapangala na Orchestra Virunga walirekodi Malako na Ahmed Sabit mapema miaka ya 1980. Wasikilizaji wengi wa Ulaya na Marekani walizipata katika Virunga Volcano, albamu ya Earthworks ya mwaka 1990. Mhariri asiyejua historia hii ataweka mwaka 1990 na kuiondoa Nairobi ya 1982 katika hadithi yote. Mwaka alioandika utakuwa sahihi kwa albamu, lakini utapotosha kwa muziki.

Santuri ya mzee na neno la mzee

Hapa Kinoo wapo wazee ambao bado wanahifadhi santuri zao, zimefungwa kwa magazeti na kupangwa sandukuni. Nimemsikiliza mmoja wao akisimulia duka gani la River Road lilipokea santuri fulani kwanza, na nani alipiga gitaa la pili ingawa jina lake halikuandikwa. Ni maarifa ya thamani. Lakini kanuni ya kamusi elezo inasema kwamba santuri ile ni chanzo kilichochapishwa, nayo yaweza kutajwa. Kumbukumbu ya mzee haijachapishwa, hivyo haiwezi. Vijana hulalamika: Iweje karatasi iaminike kuliko mtu aliyekuwapo?

Malalamiko hayo si ya kupuuzwa. Karatasi nayo husema uongo. Palitokea mara nyingi katika biashara ya muziki duniani kwamba jina la mtayarishaji au mwenye kampuni liliandikwa mahali pa mtunzi, na mtunzi akaenda nyumbani na nauli tu. Ndiyo maana nasema mhariri asiandike kwamba fulani ndiye mtunzi, bali aandike kwamba santuri inamtaja fulani kuwa mtunzi. Maneno mawili matatu ya ziada, lakini mlango wa haki umebaki wazi kwa yule mwingine.

Ama kuhusu neno la mzee, mwaka 2011 ulifanywa mradi nchini India na Afrika Kusini wa kurekodi masimulizi ya watu na kuyatumia kama vyanzo vya Wikipedia, na filamu iitwayo People Are Knowledge ikaeleza kazi hiyo. Kanuni hazikubadilika kwa ajili yake, nami siwalaumu sana waliosita. Kamusi elezo ni mahali pa kuyaweka yale ambayo msomaji wa Oslo au wa Kisumu anaweza kuyahakiki mwenyewe. Masimulizi yaliyo masikioni mwangu peke yangu hayahakikiki. Lakini masimulizi hayo yakirekodiwa, yakaandikwa, yakatiwa tarehe na jina kwa idhini ya msimulizi, kisha yakachapishwa katika jarida au kitabu kilichopitiwa na wajuzi, yanakuwa chanzo kama kingine. Shida basi haimo katika mzee. Imo katika sisi tusioandika.

Vyanzo vya wengine juu yetu

Kuna wanaodai kwamba kanuni hizi zimetungwa ili muziki wa Afrika usionekane. Dai hili lina chembe ya ukweli. Mwaka 1968 bendi ya Kiingereza The Tremeloes iliimba Helule Helule, wimbo wa Daudi Kabaka, ukaingia katika orodha ya nyimbo zilizouzwa sana Uingereza. Leo mtu anaweza kujua juma kwa juma wimbo huo ulisimama nafasi ya ngapi kule. Kuhusu mauzo ya Kabaka mwenyewe hapa Nairobi, hatuna daftari la namna hiyo. Mwandishi wa makala anayefuata vyanzo tu atajikuta anaeleza kwa kirefu jinsi wimbo ulivyopokelewa Uingereza, na kwa ufupi jinsi ulivyopokelewa nyumbani kwake.

Tena vyanzo vya wageni vina mipaka yake. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Kenya na mitambo yake, akawarekodi waimbaji wa Kipsigis wakiimba wimbo uitwao Chemirocha. Jina hilo limetokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huko kwa gramofoni. Tunamshukuru Tracey kwa kuwa alihifadhi sauti na kuandika mahali na tarehe. Kwa hayo ni shahidi mwema. Lakini waimbaji walimaanisha nini, walicheka nini, walimwonaje Mzungu huyo wa kwenye santuri, hayo twayapata kwa kalamu ya mgeni aliyekaa nao muda mfupi. Sauti zile zilirudishwa Kenya zaidi ya miaka 60 baadaye na maktaba ya muziki aliyoiasisi Tracey huko Afrika Kusini, kwa ushirikiano na Ketebul Music ya Nairobi. Ni vyema maelezo nayo yakaendelea kurudi, yakaandikwa upya na wenyewe.

Hata hivyo sikubaliani na wanaotaka kanuni zilegezwe kwa ajili yetu. Mizani ikilegezwa, atakayefaidi si mtunzi maskini wa Kiambu au wa Siaya. Atakayefaidi ni mwenye sauti kubwa, mwenye wafuasi wengi mtandaoni, anayeweza kulipa watu kumi waandike kwamba yeye ndiye mwanzilishi. Mnyonge katika historia ya muziki hulindwa na ushahidi mkali, kwani hana kingine.

Mtihani wa walimu

Mfano wa mwisho wahusu walimu wenyewe. Joseph Kamaru, mwimbaji mashuhuri wa Kikuyu aliyefariki Oktoba 2018, aliimba mwishoni mwa miaka ya 1960 wimbo Ndari ya Mwarimu, kuhusu mwalimu na uhusiano wake na mwanafunzi wa kike. Wimbo uliwakera walimu, na chama chao kikataka upigwe marufuku. Mwalimu anayehariri makala juu ya Kamaru leo atashawishika kuipunguza habari hiyo, au kusema haina chanzo cha kutosha. Hapo ndipo mizani hupimwa. Chanzo kinachotuudhi hakipaswi kudaiwa uzito zaidi ya kinachotufurahisha. Aende akayasome magazeti ya wakati ule, aandike yaliyosemwa na pande zote mbili.

Na mwanafunzi naye ana mtihani wake katika jina lilo hilo. Mjukuu wa Kamaru huitwa pia Joseph Kamaru, naye ni mwanamuziki wa sauti za kisasa ajulikanaye kama KMRU, aliyetoa albamu Peel mwaka 2020 na ambaye amekuwa akizitoa upya kazi za babu yake mtandaoni. Anayetafuta kwa haraka atachanganya babu na mjukuu, na ataiweka sauti ya miaka ya 1970 katika karne hii. Mashine ya kutafuta haitamzuia, wala programu mpya za akili bandia ziandikazo kwa ufasaha hazitamzuia. Nazo huunganisha majina yanayofanana kwa ujasiri ambao mtu mwenye haya hawezi kuwa nao. Jibu lenye ufasaha si chanzo. Chanzo ni kile ambacho jibu hilo laweza kukuonyesha ukakifungua mwenyewe.

Mali bila daftari

Wahenga hao hao niliowapinga mwanzoni walisema pia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa nawaunga mkono kikamilifu. Muziki wetu ni mali, na daftari lake limetawanyika. Sehemu yake imo katika Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue. Sehemu imo katika Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931 katika barabara iitwayo leo Banda Street, yenye magazeti ya zamani. Sehemu imo katika kitabu Shades of Benga kilichotolewa na Ketebul Music mwaka 2017, kinachosimulia muziki wa Kenya tangu 1946. Na sehemu imo katika masanduku ya wazee wa Kinoo, Muthiga na Kikuyu, ikingoja mchwa au mjukuu, yeyote atakayetangulia.

Napendekeza basi kwamba kila shule yenye kikundi cha uandishi ichague albamu moja tu kwa muhula. Moja inatosha. Wanafunzi waitafute santuri au jalada lake. Wapande matatu mpaka mjini, wafungue magazeti ya mwaka ambao albamu ilitolewa, wanukuu tarehe na ukurasa. Wamrekodi aliyekuwapo, kwa idhini yake, na masimulizi yake yachapwe katika jarida la shule na nakala ipelekwe maktaba. Kisha waandike makala fupi katika kamusi elezo ya Kiswahili, kila sentensi na shahidi wake, na kila dai likiwa na jina la anayedai. Pasipo na shahidi, sentensi iondolewe hata kama ni tamu. Makala itakuwa na aya tatu badala ya kumi, nayo itasimama.

Mwalimu asahihishe kazi hiyo kwa swali moja tu kando ya kila mstari: Amelijuaje? Mwanafunzi aliyezoea kuulizwa swali hilo juu ya mwaka wa wimbo atalipeleka mbele zaidi, kwenye ahadi za wagombea, tangazo la dawa na habari zinazotumwa usiku kwa simu. Na yule mpiga gitaa wa pili, ambaye jina lake halikuandikwa popote, huenda akapata mstari wake kabla mwisho wa waliomfahamu hajaenda.